Mji ulioandikwa ubavuni si mji boti lilikoundwa

Wengi wakiona boti kuukuu la mizigo kwenye mifereji ya Uingereza, limeandikwa ubavuni mwa kibanda kuwa limesajiliwa Birmingham, husema papo hapo: basi liliundwa Birmingham. Sivyo. Usajili huo ulitokana na sheria ya 1877, na haukujali fundi wala karakana. Ulihusu makazi: familia zilikuwa zikiishi humo, na serikali ilitaka kujua kibanda kinafaa kulaza watu wangapi. Boti likibadili mwenyewe liliweza kusajiliwa upya mji mwingine, likapata namba nyingine.

Jina nalo hudanganya, maana hupakwa rangi tu.

Kutafuta asili ya boti, mimi ningeanzia kwenye vitabu vya vipimo, yaani kumbukumbu za zamani za kupima mizigo ya boti. Ili ushuru utozwe kwa tani, boti lilipakiwa vyuma vya uzito unaojulikana, kisha wakapima kwa inchi ubavu uliobaki juu ya maji, tani baada ya tani. Hapo ndipo utakuta namba ya kipimo, mwenye boti na tarehe. Ila angalia: mengine yalikuja kukatwa yakawa mafupi, kwa hiyo urefu wa leo usikubabaishe.