Fila ya chini ya macho haikandwi ikaisha

Juzi saluni hapa Majengo, Dodoma, dada mmoja aliyechomwa fila, ile ya kujazia mashimo ya uso kwa sindano, chini ya jicho la kushoto kumetuna kama kaficha ubuyu, wenzake wanamwambia kanda na kitambaa cha moto, miezi 6 itakuwa imeyeyuka yenyewe. Jamani hapana! Fila ya hapo inaweza kukaa hata miaka, na ukiikanda kwa nguvu unaisogeza tu. Kama ni ya asidi ya haialuroniki, inayeyushwa na kimeng'enya kinaitwa haialuronidezi, daktari anakichoma kwa sindano na kinaanza kazi siku hiyohiyo, sema sindano nayo inaleta uvimbe, asubuhi unajiangalia kwenye kioo jicho moja shimo jingine limevimba unaanza kulia. Tulia kama wiki 2 ndo ulinganishe, hapo daktari ataona kama upande mmoja unahitaji kuongezwa kimeng'enya kidogo. Eti kimeng'enya hicho kinakula uso wako? Asidi yako ya asili inaguswa kweli ila mwili unaitengeneza tena. Fila ya silikoni ndo haiyeyuki nacho kabisa. Na kama ukiumwa na nyuki unavimba mwili mzima mwambie daktari kabla hajachoma, maana kimeng'enya cha aina hii kimo hata kwenye sumu ya nyuki, aleji hiyo si ya kuchezea, na sie majirani wa asali ya Manyoni nyuki tunawajua.