Je, wajua kwa nini Ziwa Victoria likifurika halishuki haraka hata Jinja, kule Uganda linakotokea, wakifungulia maji?

Mwezi wa tano 2020 ziwa lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita kidogo rekodi ya 1964, na watu wa mialoni Kenya, Uganda na Tanzania wakaona maji yanaingia mpaka ndani, vyoo vinafurika, magati yanazama, na kila mtu anauliza si wafungulie tu bwawa la Jinja maji yaende zake? Swali la maana kabisa, kwa sababu kweli ziwa lote lina mto mmoja tu wa kutokea, Nile, na tangu 1954 mto huo umezibwa na bwawa la Owen Falls, siku hizi linaitwa Nalubaale, baadae wakaongeza la Kiira pembeni yake.

Ila hebu piga hesabu. Ziwa lina kilomita za mraba kama 68,800. Sentimita moja tu ya maji, yaani upana wa kidole kidogo, ukiitandaza eneo lote hilo unapata karibu mita za ujazo milioni 688. Jinja wakiachia mita za ujazo 1,000 kila sekunde, usiku na mchana, inachukua kama siku 8 kuiondoa hiyo sentimita moja, na hapo ni kama mvua haijadondosha hata tone na hakuna mto unaoingiza. Wakiachia mara mbili yake ni siku 4. Sasa kama ziwa limepanda zaidi ya mita kama 2020, utasubiri mpaka lini?

Kumbe mwenye ziwa hasa ni mvua na jua. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, mito yote Kagera, Nzoia, Mara na mingine inaleta kilichobaki, na mengi yanayotoka yanapotea kwa mvuke, hayapiti Jinja kabisa.

Halafu kule chini kuna watu pia. Ukifungulia sana unawapelekea mafuriko watu wa Ziwa Kyoga, wa Ziwa Albert, mpaka Sudan Kusini. Ndo maana kuna utaratibu wa zamani kwamba maji yanayoachiwa yafuate kina cha ziwa, kama mto ulivyokuwa unatoka wenyewe kabla ya bwawa. Utaratibu huo ukivunjwa tunaumia wote: 2005 na 2006 kulikuwa na ukame, na juu yake maji yakaachiwa kupita kiwango ili umeme upatikane, ziwa likashuka vibaya. Tanzania ina asilimia 51 ya ziwa, Kenya 6, lakini milango iko Uganda.

Mkataba wa Bonde la Nile, wa nchi zinazotumia maji ya mto huo, uliofunguliwa kusainiwa 2010 umeanza kazi Oktoba 13, 2024, nchi 6 zimeuridhia, Misri na Sudan wameukataa, na Kenya hadi siku hiyo ilikuwa imesaini tu. Kwangu mimi kabla hata ya mikataba mikubwa kuna jambo dogo linawezekana kesho asubuhi: kiasi kilichoachiwa Jinja jana na kina cha ziwa leo vibandikwe kila mwalo, kwa Kiswahili, Kiluo, Kiganda, ili mvuvi ajue mapema kama ahamishe vitu vyake au atulie.