Je, wajua? Shule ya peke yao si lazima iwafae watoto wenye vipawa

Kila matokeo ya PLE yanapotoka, magazeti ya Kampala hujaa picha za watoto waliopata 4. Mtihani huo wa darasa la saba una masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Kila somo hupewa daraja kuanzia 1 hadi 9, kwa hiyo jumla bora kabisa ni 4 na mbaya kabisa ni 36. Wiki hiyo hiyo huwa hakosi mzazi wa kuuliza kwa nini serikali haijengi shule ya vipawa, watoto hawa wakasome peke yao bila kucheleweshwa na wenzao.

Ukweli ni kwamba Uganda inawatenga tayari, ila haiiti hivyo. Shule ya Namilyango ilianza mwaka 1902, Gayaza 1905, Budo 1906, na mpaka leo shule za namna hiyo huchagua kwanza waliokaribia ile 4. Chujio la pili ni karo. Kwa hiyo swali linaweza kujibiwa bila kujenga chochote: je, shule ya waliochaguliwa humwongezea mtoto kitu, au hung'aa kwa sababu imepokea watoto waliokwisha kung'aa?

Wachumi waliwahi kulipima jambo hili Kenya, ambako shule za kitaifa zilichukua vinara wa mtihani wa darasa la nane. Walimlinganisha aliyevuka mstari wa kuingia kwa alama chache na aliyeukosa kwa alama chache. Hao wawili kiakili ni walewale. Bahati tu ndiyo iliyowatenganisha. Miaka minne baadaye, matokeo yao ya kidato cha nne hayakuachana kwa kiasi cha maana. Utafiti wa mwaka 2014 kuhusu shule za kuchuja za Boston na New York ulikuta karibu hali hiyo hiyo. Mzazi aliyeuza kiwanja ili mwanawe aingie shule yenye jina hatafurahi kusoma hili.

Sababu moja iko kichwani mwa mtoto mwenyewe. Mwaka 1984 watafiti Herbert Marsh na mwenzake John Parker walieleza kinachowapata watoto wanaohamishiwa kati ya vinara watupu: samaki aliyekuwa mkubwa katika kidimbwi anajikuta mdogo ziwani. Uwezo wake ni uleule, lakini imani aliyokuwa nayo juu ya uwezo huo inashuka, kwa kuwa mtoto hujipima kwa jirani yake wa dawati.

Basi kutenga hakuna faida? Hapo ndipo mambo yananoga. Ng'ambo tu ya mpaka wetu wa mashariki, huko huko Kenya, upande wa Bungoma na Butere-Mumias, watafiti walifuata shule za msingi 121 zilizopewa mwalimu wa ziada ili darasa la kwanza ligawanywe mara mbili. Katika nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kwa bahati nasibu, na katika nusu nyingine kwa alama zao. Baada ya miezi 18, waliogawanywa kwa alama walikuwa mbele, wenye nguvu na wanyonge kwa pamoja. Maelezo ya watafiti ni kwamba mwalimu aliweza hatimaye kufundisha kwa kasi inayolingana na watoto walio mbele yake. Na hakuna jengo jipya wala sare mpya iliyohitajika.

Kasi hiyo ndiyo inayojitokeza pia Marekani, ambako mwanasaikolojia Julian Stanley alianza mwaka 1971 kuwatafuta vijana wenye kipawa cha hisabati, na wengi wao wamefuatiliwa mpaka utu uzima. Waliorukishwa darasa au kupewa somo la juu mapema kwa jumla walifanya vizuri, na ile hofu kwamba wangeharibika kitabia haikutimia. Kurusha darasa hakuna gharama kubwa. (Simzungumzii hapa baba anayemrusha mtoto ili aokoe karo ya mwaka mmoja.)

Linalonisumbua zaidi ni nani anayechaguliwa. Mwanasaikolojia Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza mwaka 1921 kukusanya watoto zaidi ya 1,500 wa California waliofaulu sana kipimo cha akili. Hakuna hata mmoja wao aliyepata Tuzo ya Nobel. Wavulana wawili waliopimwa na kuachwa, William Shockley na Luis Alvarez, waliipata ya fizikia, 1956 na 1968. Na sisi tunaye Phiona Mutesi wa Katwe, mtaa wa maskini wa Kampala, aliyekuwa ameacha shule kwa kukosa karo alipomfuata kaka yake kwenye mradi wa Robert Katende wa kufundisha sataranji. Kilichomvuta kwanza kilikuwa kikombe cha uji. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji huko Urusi. Chujio la PLE lisingemwona, kwa sababu hakuwa darasani.

Katika kaunti ya Broward, Florida, walipoacha kungoja mzazi au mwalimu apendekeze jina na kuanza kuwapima watoto wote wa darasa la pili, idadi ya watoto maskini, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliotambuliwa kuwa na vipawa iliongezeka sana. Hapa Uganda, baraza la mitihani la taifa, UNEB, hupima baadhi ya madarasa ya msingi kupitia mpango wa NAPE, lakini huchukua sampuli, maana lengo ni kujua hali ya elimu ya nchi nzima. Kwa hiyo mtoto wa Kololo, mtaa wa matajiri wa Kampala, na mtoto wa Karamoja, eneo maskini la kaskazini mashariki, hupimwa kwa karatasi moja kwa mara ya kwanza mwisho wa darasa la saba, na huko Karamoja wengi walioanza na mtoto huyo darasa la kwanza hawapo tena shuleni.