Je, wajua kwa nini seli za kutuliza kinga hushindwa kazi ilhali zipo?

Mgonjwa wa miasthenia gravisi, ugonjwa wa kinga unaodhoofisha misuli, anaweza kuamka vizuri, lakini jioni kope zimelegea na kitu kimoja anakiona viwili. Kwa wagonjwa wengi, kingamwili za mwili wao wenyewe hushambulia vipokezi vya asetilikolini, kemikali inayopeleka amri ya neva, pale neva inapokutana na msuli. Amri ya neva hufika ikiwa dhaifu, na msuli ukitumika sana ndipo huzidi kuishiwa nguvu.

Mwili una seli za kuzuia ugomvi huu: seli T dhibiti. Seli T ni chembe nyeupe za kinga, na hizi dhibiti ni takriban asilimia 5 hadi 10 ya seli T za kundi la CD4 katika damu. Miongoni mwa mbinu zake ni kufyonza intalukini-2, ambayo seli shambulizi huihitaji ili ziongezeke. Jeni ya FOXP3 ndiyo huziongoza.

Sasa, tafiti kadhaa zimekuta idadi ya seli hizi kwa wagonjwa ikikaribia ile ya watu wenye afya, ila FOXP3 imepungua na uwezo wa kuzuia umeshuka. Kuhesabu peke yake hudanganya. Protini ya FOXP3 imo ndani ya seli, na kuipima ni lazima utando utobolewe, seli ife. Isitoshe, seli T ya kawaida ikichochewa huiwasha kwa muda. Ndiyo maana maabara makini hutenga seli hai zenye CD25 nyingi na CD127 chache, protini zinazoonekana juu ya seli, kisha huzichanganya na seli T nyingine zilizotiwa rangi, huzichochea na kusubiri siku 3 hadi 5. Kila seli inapogawanyika, rangi yake hupungua nusu. Rangi ikibaki kali, uzuiaji umefanya kazi, ikififia, umeshindwa.

Kwa upande wa dawa, piridostigmini haigusi kinga kabisa: huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, hivyo nafuu huja ndani ya saa moja na kuisha baada ya saa chache. Prednisoloni, inayotuliza kinga, huchukua wiki hadi miezi, na dozi kubwa ya ghafla inaweza kuzidisha udhaifu katika wiki 2 za mwanzo. Ndiyo sababu madaktari wengi huipandisha polepole. Azathioprini, nayo ya kutuliza kinga, huhitaji miezi 6 hadi 12, wakati mwingine zaidi. Kuiacha mapema kwa kudhani imeshindwa ni kosa kubwa. Hata seli dhibiti zikiamka leo, kingamwili zilizokwisha tengenezwa huchukua kama siku 21 kupungua nusu, na seli za plazima, watengenezaji wa kingamwili waliojificha kwenye uboho, huendelea kumwaga nyingine.