Kaboni ya buluu: hazina iliyo ndani ya tope

Shuka mikokoni maji yakiwa yamepwa, vua viatu, piga hatua kumi tu. Mguu unazama mpaka karibu na goti, na ukiuchomoa unatoka na tope jeusi linalonuka kama mayai viza. Wengi hukunja pua na kurudi nyuma. Basi tope hilo hilo ndilo linalozungumzwa kwenye mikutano ya mabadiliko ya tabianchi kwa jina la kistaarabu zaidi: kaboni ya buluu.

Jina linapotosha kidogo. Kaboni yenyewe haina ubuluu wowote. Ni ile ile iliyo kwenye mkaa, kwenye wali na mwilini mwako. Buluu hapa ni bahari. Neno lilianza kushika mwaka 2009, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilipotoa ripoti juu ya kaboni inayofungiwa na mimea ya pwani, ili itofautishwe na ile ya misitu ya nchi kavu. Mimea inayohesabiwa ni mikoko, nyasi za bahari, na vinamasi vya maji chumvi ambavyo vimeenea zaidi kwenye pwani za nchi za baridi.

Mti wowote huvuta hewa ukaa na kujijengea mwili kwa kaboni yake. Mkoko haumshindi mvule kwa hilo. Tofauti inaanza mti ukishafanya kazi yake. Kwenye msitu wa bara, jani likianguka huliwa na kuvu na bakteria wanaotumia oksijeni, na sehemu kubwa ya kaboni inarudi hewani. Mikokoni jani linaangukia topeni. Kaa hulivuta hadi shimoni mwake, maji ya bamvua yanaleta udongo mwingine juu, na chini ya hapo oksijeni ni haba sana. Bakteria wanaoishi humo hutumia salfeti ya maji ya bahari badala ya oksijeni, na kazi yao ni ya polepole. Gesi wanayoitoa ndiyo ile harufu ya mayai viza. Kwa hiyo ukilisikia tope likinuka, ujue mlango umefungwa. Salfeti hiyo hiyo pia huzuia kwa kiasi kikubwa utengenezaji wa methani, gesi nyingine inayoongeza joto duniani, ambayo ni tatizo la vinamasi vingi vya maji baridi.

Mwaka 2011 watafiti waliopima mikoko ya nchi za Bahari ya Hindi na Pasifiki walipata wastani wa tani 1,023 za kaboni kwa hekta, na ndani ya udongo peke yake ilikuwamo kati ya asilimia 49 na 98 ya kaboni yote. Hapo watu huchanganya hesabu: tani moja ya kaboni si tani moja ya hewa ukaa. Kaboni ikiungana na oksijeni uzito huongezeka, tani 1 ikawa kama tani 3.67. Hekta ile moja, ikiachiwa yote, ingetoa karibu tani 3,750 za hewa ukaa.

Je, huachiwa kweli mti ukikatwa? Jibu zuri limetoka Ghuba ya Gazi, kaunti ya Kwale, Kenya. Watafiti walichuna magome ya mikoko kuzunguka shina, miti ikafa ikiwa imesimama, kisha wakaikata. Halafu wakapima kimo cha tope. Ndani ya miaka miwili hivi tope lilikuwa limeshuka kama sentimita 3, ilhali mahali ambapo miti haikuguswa lilipanda kidogo. Mizizi ilioza, ardhi ikanywea, kaboni iliyokuwa imelala ikaanza kutoka. Sentimita 3 si kitu ukizitazama kwenye rula. Lakini tope la mikoko hupanda milimita chache tu kwa mwaka, huku bahari nayo ikipanda.

Gazi wanalijua jambo hili kwa njia nyingine pia. Katika miaka ya 1970 sehemu za mikoko zilifyekwa kwa ajili ya kuni za viwandani, na palipofyekwa pakabaki uwanda mtupu mpaka watafiti na wanakijiji walipoanza kupanda tena miaka ya 1990. Neno "kufyeka" nimelitumia makusudi. Anayechagua boriti moja hapa na nyingine pale huacha mizizi mingine ikishikilia tope. Anayeondoa yote huliacha tope uchi.

Tangu 2013, mradi wa Mikoko Pamoja wa vijiji vya Gazi na Makongeni umekuwa ukiuza kaboni ya hekta 117, takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, yaani wanunuzi hulipa ili mikoko itunzwe na kaboni hiyo isirudi hewani. Fedha zimeingia kwenye maji na shule. Mimi kilichonivutia zaidi ni mvinje: wamepanda mivinje ya kujengea na ya kuni, kwa sababu nyumba lazima iezekwe, na kumkataza mtu boriti bila kumpa mti mwingine ni kumfanya mwizi.

Si kila kilicho baharini kinaingia kwenye hesabu hii. Matumbawe hayamo, yanapojenga chokaa yake kemia yenyewe hutoa hewa ukaa. Mwani unaolimwa Paje, Unguja, nao ni mjadala, maana hauna mizizi ya kushika tope, na huvunwa, hukaushwa na kusafirishwa kabla kaboni yake haijazikwa popote.

Halafu kuna upandaji wa picha: watu wenye fulana mpya wanachomeka miche ya mkoko ufukweni kwenye mchanga, mahali pa mbele panapopigwa na mawimbi, pasipo pake. Ukanda ule kwa kawaida ni wa mlilana, aina nyingine ya mikoko. Miche mingi hung'olewa na bamvua. Na hata ile inayoshika, itachukua karne kadhaa kulimbikiza mita moja ya tope jeusi kama lile ulilozamisha mguu.