Redio njo ilisema: ya kweli na ya uongo katika mpira wa Lubumbashi

Kinyozi wangu wa Katuba ana viti viwili na redio moja. Jumamosi moja nilikuwa kwenye kiti cha dirishani, kitambaa shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja tu, kijana wa kiti cha pili alipoapa kwa jina la mama yake kwamba Trésor Mputu wa TP Mazembe, klabu ya mji wetu, ndiye aliyewafunga Internacional ya Brazil kwenye Kombe la Dunia la Klabu kule Abu Dhabi. Nikamwambia Mputu hakucheza. Akanitazama kupitia kioo, kama anayeuliza mkubwa na makelele yake ya nini.

"Papa, redio njo ilisema. Na weye uko Lupopo, utasema nini?"

Hapo alinipata. Mimi ni mtu wa Saint-Éloi Lupopo, wapinzani wa Mazembe hapa mjini, manjano na bluu, baba yangu alikuwa wa reli na mimi sikupewa nafasi ya kuchagua. Lakini ushindi wa Mazembe nilikuwa nauandika kwenye kaye, daftari la shule, hata uliponiuma, na uliponiuma ndipo nilipouandika vizuri zaidi. Kwa hiyo haya nayasema kama adui mwenye daftari.

Dhana: Mputu ndiye aliyeipeleka Mazembe kwenye fainali ya dunia

Desemba 2010 Mputu alikuwa amefungiwa. Miezi michache kabla, kwenye mechi ya Kombe la Kagame nchini Rwanda, palitokea vurugu dhidi ya mwamuzi, na FIFA ikampa Mputu miezi 12 nje ya uwanja. Mchezaji bora wa Afrika wa ligi za ndani wa mwaka 2009 aliangalia Kombe la Dunia la Klabu kama mimi nilivyoliangalia, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa kwa jirani, jenereta inanguruma nje na mwenye nyumba anapita na kopo la mchango wa mafuta.

Mabao yalikuwa hivi. Dhidi ya Pachuca ya Meksiko, moja bila, mfungaji Bedi. Dhidi ya Internacional, tarehe 14 Desemba, mbili bila: Kabangu, kisha Kaluyituka dakika za mwisho. Golini Kidiaba, yule aliyekuwa akishangilia kwa kukaa chini na kurukaruka kwa makalio hadi watoto wa mtaa mzima wakatoboa kaptula. Fainali, tarehe 18, Inter Milan walishinda tatu bila. Ndiyo, walifungwa. Lakini kabla ya siku ile hakuna klabu ya Afrika iliyowahi kufika fainali hiyo, na hilo nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe, mkono wa Lupopo.

Kosa la kijana naona lilikotoka. Mputu alikuwa jina kubwa. Mtangazaji akisimulia miaka ya dhahabu ya Mazembe humtaja Mputu kwanza, msikilizaji akaunganisha mwenyewe yaliyobaki. Redio haikusema uongo siku ile. Ilitaja majina bila tarehe, basi.

Dhana: ile ya 2010 ilikuwa bahati tu

Hii ni ya upande wetu, na naiona aibu. Mazembe walikuwa wamekwenda mashindano hayohayo mwaka 2009, wakafungwa na Pohang ya Korea Kusini mbili kwa moja, kisha wakafungwa tatu kwa mbili na Auckland City ya New Zealand. Sisi Lupopo tulicheka wiki nzima. Wao walirudi nyumbani, wakachukua tena ubingwa wa Afrika, wakaenda tena wakijua njia. Anayeita hiyo bahati hakuwepo tulipokuwa tunacheka.

Dhana: Mazembe ilianzishwa na pesa ya Katumbi

Hapana. Moïse Katumbi ni rais wa klabu tangu 1997. Timu yenyewe ilizaliwa 1939 mikononi mwa wamisionari Wabenedikto, ikiitwa Saint-Georges, ikapita majina mengine, likiwemo Englebert, ambalo ni jina la matairi ya gari. Ilipochukua vikombe vya Afrika vya 1967 na 1968 ilikuwa bado ni Englebert.

Na Lupopo? Mwaka uleule, 1939. Anayesema Lupopo ni mdogo wake Mazembe ahesabu upya. Sisi tumezaliwa relini, wao kwa mapadri, mama mmoja ni mji huu.

Dhana: kombe la 1967 lilipiganiwa hadi dakika ya mwisho

Naomba radhi kwa majirani zangu wa Kamalondo, mtaa wa Mazembe, hii naisimulia kwa raha kidogo. Wazee wao wanaieleza fainali ya 1967 utadhani mpira ulivuja damu. Englebert na Asante Kotoko ya Ghana walitoka sare moja kwa moja kule Kumasi, kisha sare mbili kwa mbili. Ukapangwa mchezo wa tatu, uwanja wa nje. Englebert wakatokea. Kotoko hawakutokea. Kombe likatolewa mezani.

Tena ile sare ya pili ilichezwa Kinshasa. Kwa hiyo babu anayekuambia aliishuhudia akiwa juu ya mwembe wa Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, mwulize mwembe ulikuwa na urefu gani. Kotoko walilipa deni kwenye fainali ya 1970: sare kwao, kisha wakashinda mbili kwa moja palepale Kinshasa. Sehemu hii ya hadithi sijawahi kuisikia redioni hapa kwetu, hata siku ya kumbukumbu.

Dhana: Mwepu Ilunga hakujua sheria za mpira

Hii siyo ya Lubumbashi tu. Imezunguka dunia, na sisi wenyewe tumeimeza. Unaijua picha: Gelsenkirchen, Ujerumani, 22 Juni 1974, Zaire na Brazil. Brazil wamepata mpira wa adhabu, Rivelino anajiandaa, filimbi inalia. Namba 2 wa Zaire, Mwepu, anachomoka kwenye ukuta, anaubutua mpira mbali kabla Mbrazil hajaugusa. Mwamuzi Rainea wa Rumania anatoa kadi ya njano. Watangazaji wa Ulaya wakacheka, na tangu hapo kila wanapotafuta vituko vya Kombe la Dunia wanairudisha: Mwafrika aliyedhani filimbi ni ruhusa ya kila mtu.

Sasa fikiri kidogo. Mwepu alikuwa beki wa Englebert, klabu ambayo kucheza fainali za Afrika kwake kulishakuwa desturi. Miezi mitatu kabla ya siku ile alikuwa bingwa wa Afrika na timu ya taifa kule Misri. Beki wa namna hiyo amesimama kwenye kuta za mipira ya adhabu mara ngapi? Mtu anaweza kuwa bingwa wa bara bila kujua nani anapiga frii-kiki?

Mwenyewe alieleza baadaye. Wachezaji walikuwa wameahidiwa pesa, wakagundua zimeishia kwa wakubwa waliosafiri nao. Walitaka kugoma wasicheze na Yugoslavia. Wakacheza kwa moyo uliokufa, wakapigwa tisa. Ndipo, kwa maelezo yake, watu wa Rais Mobutu wakaja hotelini na ujumbe: mkifungwa na Brazil zaidi ya tatu, msirudi nyumbani. Brazil nao walihitaji hasa tatu ili wawapite Scotland, kwa hiyo walikuwa wanazitafuta bila huruma. Mwepu alisema alijua sheria vizuri kabisa, alikuwa anapoteza muda na kuonyesha hasira, na kadi nyekundu ingemfaa, kwa sababu hakuona kwa nini aumie kwa ajili ya watu wanaokula jasho lake. Mchezo uliisha tatu bila. Walirudi.

Kuna kisa kingine cha wiki ileile ambacho hakirudiwi sana. Kwenye mechi ya Yugoslavia mwamuzi alipigwa teke, akamtoa nje Ndaye Mulamba. Aliyepiga teke ni Mwepu, na alikiri. Basi mtu huyuhuyu, teke lake halisi likaandikwa kwa mwingine, na akili yake ikaandikwa ujinga. Mwepu amefariki mwaka 2015. Sijui ni mara ngapi aliulizwa swali lile kabla ya hapo, lakini mimi nikisikia mtangazaji wa hapa hapa mjini, mtoto wa Kikatanga, anacheka kwa kicheko kilekile cha Wazungu wa 1974, nazima redio.

Dhana: ikitangazwa na redio zote, basi ni kweli

Ndaye huyo aliyetolewa kwa kosa la mwenzake ndiye aliyefunga mabao tisa kwenye Kombe la Afrika la 1974, rekodi ya mashindano mamoja ambayo haijavunjwa. Walimwita Mutumbula, jina ambalo sisi watoto wa Katanga tulitishwa nalo usiku ili tulale. Mwaka 1998, kule Burkina Faso, kwenye Kombe la Afrika ambalo Kongo ilimaliza ya tatu, uwanja ulisimama kimya dakika moja kwa ajili yake. Habari zilisema amekufa mgodini Angola.

Alikuwa hai, Afrika Kusini. Alikufa kweli Januari 2019, Johannesburg, zaidi ya miaka 20 baada ya kuombolezwa. Hakuna aliyepiga simu moja kuuliza.

Dhana: Simba ya Tanzania walitunyang'anya kombe la 2011 kwa wivu

Nasema "walitunyang'anya" kwa sababu siku hiyo hata Lupopo walikasirika. Mazembe walimtumia Janvier Besala Bokungu ambaye hakuwa halali kucheza, Simba waliokuwa wametolewa wakapeleka malalamiko, CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ikaitoa Mazembe. Kulalamika ni haki ya aliyefungwa. Simba wenyewe hawakufaidi, walipewa mechi na Wydad nchini Misri wakalala tatu. Na kutoka Simba hiyohiyo Mazembe wakamchukua kijana mmoja mwembamba, Mbwana Samatta, ambaye mwaka 2015 aliwafungia mabao saba wakiutwaa ubingwa wa Afrika kwa mara ya tano. Wivu wa namna hiyo na sisi Lupopo tungeuomba.

Dhana: mwandishi wa michezo anayepokea coupage ni mwizi tu

Nimeiacha hii iwe ya mwisho kwa sababu ndiyo inayozaa nyingine. Coupage kila mtu hapa anaijua: bahasha ndogo baada ya mkutano na waandishi, inaitwa nauli. Mshabiki akiiona husema mwandishi kanunuliwa. Ni kweli nusu. Watangazaji wengi wa redio za mji mshahara wao ni mdogo au hauji, na wengine hawana mkataba. Nauli ile huwa kweli ndiyo nauli, na chakula cha jioni.

Madhara yake hayako pale tunapoyatafuta. Tunadhani bahasha inamfanya mtu aseme uongo. Mara nyingi inamfanya asiende. Timu yenye pesa inasikika kila siku, timu ya Ruashi au ya Kampemba isiyo na cha kutoa inacheza msimu mzima hewani haimo. Na ile mechi asiyokwenda anaisimulia kwa kupigiwa simu na kiongozi wa timu moja.

Watu pia hudhani mwandishi mzuri ni yule asiye na timu. Mtu wa Lubumbashi asiye na timu mimi sijakutana naye, labda ni mgeni wa jana. Afadhali aseme wazi. Kituo cha Nyota ni cha Katumbi, kila mtu anajua, kwa hiyo unasikiliza habari za Mazembe ukijua umekaa sebuleni kwa nani. Kinachonisumbua ni yule anayejifanya hakimu na skafu imejificha ndani ya shati.

Nikirudi kwa kijana wa kinyozi: alitafuta kwenye simu, kichwa chake nacho kikiwa nusu. Akakaa kimya, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kaluyituka." Kinyozi akacheka mpaka akazima mashine.

Nami sikucheka sana. Miaka iliyopita Lupopo tulishinda mechi moja ambayo sikuweza kwenda, nikaisikiliza kwenye redio jikoni, mke wangu akisonga bukari, nikaandika jina la mfungaji kama lilivyotajwa. Miezi baadaye, kwenye kilio cha jirani, nilikaa kando ya mtu tusiyejuana. Mazungumzo yakaja kwenye mechi ile, nikamtajia mfungaji kwa uhakika wote, hata dakika. Akaniacha nimalize. "Papa," akasema, "ile bao nilifunga miye."

Jina la kwanza bado limo kwenye kaye, sikulifuta. La kwake nimeliandika pembeni kwa biki nyekundu, na mshale.