Aspirini ya dozi ndogo kwa wajawazito: huanzwa mapema, si presha ikishapanda

Mama anafika kliniki na mimba ya wiki 30, presha 150 kwa 100, protini kwenye mkojo, ndipo anaomba "ile aspirini ya kuzuia kifafa cha mimba". Amechelewa. Aspirini haishushi presha iliyokwisha kupanda. Kazi yake ni ya mapema, wakati mishipa ya damu ya kondo la nyuma ingali inajengeka. Ndiyo maana huanzwa wiki ya 12, ikiwezekana kabla ya wiki ya 16.

Si kila mjamzito anaihitaji. Tunawalenga waliowahi kupata tatizo hili, yaani presha ya mimba yenye protini kwenye mkojo, inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, wenye mapacha, kisukari, ugonjwa wa figo, lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe) au presha ya tangu zamani. Mimba ya kwanza peke yake haitoshi, ila ikiambatana na umri wa miaka 35 au zaidi, unene uliokithiri, au mama mzazi ama dada aliyewahi kupata tatizo hili, hesabu hubadilika.

Dozi ni miligramu 75 hadi 150 mara moja kwa siku. Kidonge cha maumivu cha miligramu 300 sicho, na kukimega nyumbani kwa kukisia si kupima dozi.

Katika hudhurio la kwanza, eleza mimba zote zilizotangulia, hata zilizoharibika. Presha ipimwe ukiwa umekaa na kupumzika dakika 5, mkono usawa wa moyo, bila kuzungumza. Hakikisha kadi imeandikwa jina la dawa, miligramu, tarehe ya kuanza na wiki ya mimba. Kadi isiyo na hayo hutulazimu kuanza upya, na wiki zinakwenda.

Wapo wanaoogopa kwamba "aspirini inatoa mimba"; tumejibu mara nyingi mno: kwa dozi hii ndogo, sivyo. Faida yake nayo imepimwa. Katika utafiti wa ASPRE wa mwaka 2017, wanawake walio hatarini walikunywa miligramu 150 kila usiku hadi wiki ya 36. Waliopata tatizo hili kabla ya wiki ya 37 walikuwa asilimia 1.6, dhidi ya 4.3 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Mwenye vidonda vya tumbo, mzio wa aspirini au pumu inayochochewa nayo aseme kabla ya kuandikiwa. Usiiache kwa ushauri wa jirani. Siku ya kuacha hupangwa na anayekuhudumia. Na hata ukiinywa bila kukosa, kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu au maumivu yakikaza chini ya mbavu za kulia, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.